Diski Ikisharejeshwa, Sasisho Lipi Litangulie?

Diski ya kompyuta inaporejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu, hayarudi mafaili peke yake. Hurudi pia matundu yote ya usalama yaliyokuwa wazi siku nakala hiyo ilipochukuliwa. Nakala ya miezi 8 iliyopita huirudisha kompyuta nyuma kwa miezi hiyo yote, ilhali wadukuzi wameshapata muda wa kuchunguza kila tundu lililotangazwa na kuzibwa katika kipindi hicho. Maelezo yanayofuata yanahusu kompyuta za Windows.

Kabla ya kuunganisha intaneti, tazama tarehe na saa. Betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, tarehe huweza kurudi nyuma miaka kadhaa, na hapo kompyuta hukataa kuziamini seva za masasisho kwa kuwa vyeti vyao, yaani vitambulisho vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, huonekana kana kwamba havijaanza kutumika. Nimewahi kumwona mtu akiulaumu mtandao wake kwa saa nzima, kumbe kompyuta ilidhani iko mwaka 2015.

Kisha andika neno winver kwenye sehemu ya kutafutia na ubonyeze Enter. Kidirisha kidogo kitakuonyesha toleo la mfumo, kwa mfano 19045 kwa Windows 10 ya 22H2, likifuatiwa na nukta na tarakimu nyingine. Tarakimu hizo za baada ya nukta ndizo za kunakili, kwa sababu huongezeka kila sasisho la jumla la mfumo linapoingia, nazo ndizo zitakazokuthibitishia baadaye kwamba kazi imefanyika.

Hakikisha faiawoli, yaani kinga inayozuia miunganisho isiyotakiwa, imewashwa, unganisha kompyuta kupitia ruta unayoiamini, na uutambulishe mtandao huo kuwa wa umma ili mafaili yako yasionekane kwa kompyuta nyingine. Barua pepe na akaunti za benki zisubiri.

Sasisho la kwanza ni lile la jumla la mfumo wenyewe. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa tarehe 12 Mei 2017 kilipitia tundu katika huduma ya kushirikishana mafaili, ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea sasisho tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo; kompyuta ambayo haikuwa nalo iliweza kuambukizwa bila mwenyewe kubofya chochote. Tundu la namna hiyo, linalofikika kupitia mtandao pasipo msaada wa mtumiaji, ndilo linaloupa mfumo nafasi ya mbele. Bahati nzuri, masasisho ya Windows 10 na 11 ni limbikizi, hivyo la mwezi huu hubeba yaliyolitangulia, ingawa nakala ya zamani sana huenda ikadai kwanza sasisho dogo la kisakinishi chenyewe.

Wakati hilo likishuka, sasisha orodha ya utambuzi ya kinga ya virusi, kwani ni ndogo kuliko sasisho la mfumo na haichukui muda mrefu. Kivinjari kifuate mara moja, maana ndicho kinachokutana na kurasa za watu usiowajua, kisha programu za kufungulia viambatisho, yaani Office na kisomaji cha PDF. Draiva za skrini na sauti, yaani programu zinazoviendesha vifaa hivyo, ziwe za mwisho. Wengi huanza nazo kwa sababu picha yenye ukungu inaudhi, lakini ukungu hauibi nywila. Ninachoondoa katika kanuni hii ni draiva ya mtandao tu, ikiwa bila hiyo huwezi kuunganisha.

Ikiwa unatumia bando, usiiache kompyuta ijichagulie. Ipe mipangilio ya mtandao wenye kipimo (metered connection), inayopunguza upakuaji wa kujiendea, kisha pakua sasisho la jumla kutoka Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya kupakulia masasisho, kwa kompyuta nyingine iliyo salama na ulibebe kwa flashi, ukihakikisha limeandikwa aina ya prosesa yako, kwa kawaida x64.

Ikumbukwe kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ambayo haikuandikishwa katika mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama (ESU) haitapata sasisho la mfumo la baada ya hapo, hata ikikuambia kwamba imekamilika.

Washa upya, tafuta masasisho tena hadi pasibaki kitu, kisha rudia winver na ulinganishe tarakimu na zile ulizonakili. Zikiwa zimepanda hadi zile za mwezi huu kwenye tovuti ya Microsoft, chukua nakala rudufu mpya siku hiyohiyo na uiandike tarehe juu yake.