SOMO: Mpime mzee presha akiwa amesimama

Kliniki humpima mzee akiwa ameketi. Namba inapendeza, kisha alfajiri anaanguka akielekea chooni, kwa sababu presha yake hushuka anaposimama na hakuna aliyeipima wakati huo. Ipimeni nyumbani, asubuhi kabla ya chai, na siku nyingine saa moja au mbili baada ya dawa.

1. Alale chali dakika 5 bila kuzungumza. Mkanda wa mashine ukae juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima, andika.

2. Asimame, mtu awe pembeni yake na kiti nyuma. Pima dakika ya 1, kisha ya 3. Mkono ushikiliwe usawa wa moyo. Ukining'inia, mashine husoma juu kuliko ilivyo na tatizo linajificha. Akisikia kizunguzungu, akae hapo hapo.

3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, hilo ni tatizo. Mfano: 148/84 kuwa 122/76.

4. Weka dawa zake zote kwenye sinia, hata za dukani. Furosemaidi hupunguza maji mwilini. Tamsulosini ya tezi dume hulegeza mishipa. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, hushusha presha na kuleta usingizi. Diazepamu, dawa ya kutuliza na ya usingizi, hukaa mwilini mwa mzee siku kadhaa. Piriton ya mafua wengi hawaihesabu kuwa dawa, nayo humlewesha mzee.

Tafadhali, msikatishe dawa wenyewe. Atenololi, dawa ya presha na moyo, ikiachwa ghafla huumiza moyo; diazepamu iliyozoeleka huweza kuleta degedege. Pelekeni karatasi ya vipimo na sinia nzima kwa daktari.

MASWALI

– Mama anameza furosemaidi usiku ili mchana asisumbuke na haja. Ni sawa?
Hapana, dada. Ikimezwa usiku humwamsha gizani mara kwa mara. Muombe daktari aihamishie asubuhi.

– Babu anatumia glibenklamaidi, dawa ya kisukari. Presha haishuki, ila hutetemeka na kutoka jasho.
Mpime sukari wakati huo huo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, rudia kipimo baada ya dakika 15, kisha ale. Dawa hii hudumu mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, hivyo sukari huweza kushuka tena: daktari ajue siku hiyo hiyo. Akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

– Bibi anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amegonga kichwa lakini anaongea vizuri.
Hospitali sasa hivi. Damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa saa nyingi kabla ya dalili.