Mwenzako akirudi kutoka kwenye ajali mbaya, kaa nae hivi

Gari likishapaki kituoni mkitoka kwenye tukio zito, lile lenye watoto au lenye watu walioungua, usianze na maswali, anza na maji. Mpe mwenzako maji ya kunywa, mwambie avue buti na zile nguo akaoge, na kama kuna mtu wa kufuata chai na chapati aende saa hiyohiyo maana unakuta watu wametoka saa kumi usiku na mpaka saa sita mchana hawajatia kitu mdomoni. Shifti ikiisha asiendeshe pikipiki mwenyewe kurudi nyumbani, mpeleke, hata kama mnaenda kimya njia nzima.

Hapa nasema na watu wa zimamoto, manesi wa gari la wagonjwa, vijana wa Msalaba Mwekundu, trafiki, na hata wavuvi jamani, maana ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 wavuvi na mitumbwi yao ndio waliwahi kufika, watu 24 walinusurika na 19 wakafariki, na mvuvi aliyeona yale hana kituo cha kurudi wala afande wa kumuuliza amelalaje. Kama unamfahamu mtu wa hivyo, haya yote yanamhusu.

Kitu kimoja naomba tuache. Ile ya kukusanya kikosi kizima siku ileile, mnakaa duara kila mtu anaambiwa asimulie alichokiona mwanzo mpaka mwisho. Nia ni nzuri kabisa ila Shirika la Afya Duniani linashauri isifanywe, kikao cha namna hiyo cha mara moja hakijaonekana kuzuia kiwewe na kuna watu kinawazidishia. Fikiria yule aliyebaki kwenye pampu, hakuingia ndani, sasa anakalishwa asikie kila alichokiona aliyeingia. Kikao cha kazi fanyeni, maji yalikata wapi, nani alikosa redio, hicho sawa, ila kibaki cha kazi.

Kazi yako kama mwenzake hasa inaanza siku ya tatu hivi, pale simu za pole zimeisha. Usimuite ofisini, usikae nae uso kwa uso kama unamhoji. Mshike mkiwa mnaosha gari au mnakunja mipira ya maji, mikono ina kazi na macho yana pa kuangalia. Na usimuulize "uko poa?" kwa sababu jibu unalo tayari. Muulize "usingizi unaupata?" au "ile ya juzi bado inakujia?" halafu nyamaza. Nyamaza kweli, hesabu mpaka ishirini kichwani kama ni lazima, watu wengi tunaharibu hapa kwa kujaza kimya. Akisema, msikilize, asiposema mwambie tu nipo, Jumamosi nitakucheki tena, na Jumamosi ukamcheki. Maneno kama jikaze, kazi ndio hii, au mimi mbona nimeona makubwa kuliko hayo, yanamfunga mdomo mtu kwa miaka. Mambo ya Mungu akiyaleta mwenyewe mfuate hukohuko, ila usianze wewe na "Mungu ndio amepanga" kwa mtu aliyebeba mtoto mikononi juzi.

Nikwambie cha mwenzangu mmoja. Tulitoka kwenye lori la mafuta lililowaka, wiki mbili mtu yuko kawaida, anacheka, anaomba hata shifti za wengine. Mimi nilichokiona ni kwamba alianza kumtuma mdogo wake akamjazie pikipiki mafuta, kila mara, yeye anasubiri mbali upande wa pili wa barabara. Ile harufu ya sheli hakuiweza. Mishkaki nayo kaacha, akisema tumbo. Kwa hiyo usisubiri mtu alie, angalia anachokikwepa, angalia kama anashtuka honi ikilia, kama anafokea watoto wake kwa kitu kidogo, kama bia mbili zimekuwa sita ndio alale.

Wiki za mwanzo hayo ni kawaida na kwa wengi yanapungua yenyewe, mwambie hivyo, inampa mtu pumzi akijua sio kwamba anachanganyikiwa. Ila yakipita mwezi mmoja bado yanamkaba, hapo sio saizi yako tena, anahitaji mtaalamu, na matibabu ya kuongea yapo na yanasaidia. Usimpe namba tu ukaondoka. Panda nae daladala mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, kaa nae foleni. Mwenzangu nilikaa nae benchi asubuhi nzima, na kwa mguu wake asingefika. Na vidonge vya usingizi vya dukani asijitibie.

Akianza kusema amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, muulize wazi "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndio usimuache peke yake hata dakika, ondoa sumu, kamba, dawa na silaha karibu yake, ita mtu wa familia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Alichokwambia kinabaki kwako, isipokuwa maisha yake au ya mtu mwingine yako hatarini, na hilo mwambie mwanzoni kabisa. Ndio maana naona anayesikiliza asiwe bosi anayeandika ripoti na ruhusa, chagueni wawili kila shifti ambao wenzao wenyewe wanawaamini, cheo kisihesabiwe. Nao wawili wawe na mtu wao wa kumpigia.

Halafu zile picha. Jamani picha za miili kwenye grupu la WhatsApp la kikosi zifuteni, mtu ndio kwanza anaanza kulala, anafungua simu aone ratiba ya shifti anakutana nazo.

Ile tarehe iweke kwenye simu yako na kengele ya mwaka unaofuata, siku yenyewe mpigie mapema kabla hajatoka nyumbani. Mimi nilipopiga alipokea kabla haijaita mara ya pili.