Kuandika kanuni za mchezo wa kuigiza mezani bila kuua hadithi

Mwezi uliopita rafiki yangu aliniletea rasimu ya mchezo wake wa kuigiza mezani, ule ambao kila mchezaji hujifanya mhusika, msimulizi hueleza yanayotokea na dadu huamua matokeo. Wachezaji ni mabaharia wa jahazi lililopakia boriti za mikoko Lamu, linafuata pepo za kusi kwenda Uarabuni, na nahodha ana siri. Ukurasa wa kwanza ulinisisimua. Tulipokaa mezani kuucheza, sentensi moja ilitukwamisha dakika 40. Hivi ndivyo tulivyoirekebisha rasimu yake.

Hatua ya 1: Andika kanuni kavu kwanza. Nani anatenda, dadu zinarushwa lini, matokeo ni yapi. Tumia faili ya maandishi matupu. Programu ya kupanga kurasa ije mwisho kabisa, la sivyo utashinda ukichagua fonti wakati kanuni yenyewe haijasimama.

Hatua ya 2: Funga istilahi. Ukiandika "jeraha" ukurasa wa 3, usiandike "dhara" ukurasa wa 9. Shuleni tulifundishwa kukwepa kurudia neno kwenye insha. Hapa rudia bila haya. Toleo la 4 la Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, la mwaka 2008, lilitenga maelezo ya hadithi kwa herufi za mlazo na kuziweka kanuni peke yake. Lilieleweka, ila wapo walioona linasomeka kama mwongozo wa mashine. Toleo la 5, la 2014, likarudi kwenye lugha ya kawaida, na wachezaji wakaanza kubishana juu ya misemo miwili inayofanana kuhusu shambulio na silaha, kumbe kila mmoja una maana yake.

Hatua ya 3: Kagua kila "a-" na kila "-m-". Hapa ndipo dakika zetu 40 zilipoishia. Rasimu ilisema: "Baharia akimshika mwenzake wakati wa dhoruba na akashindwa, anapoteza nguvu 2." Nani anapoteza, aliyeshika au aliyeshikwa? Kiambishi ni kile kile kwa wote wawili. Nusu ya meza ilisema huyu, nusu yule, na kila upande ulikuwa sahihi kisarufi. Kuongeza "yeye" hakusaidii, na "huyo" ni kubahatisha tu. Dawa ni kumpa kila mmoja jina la kazi yake ndani ya kanuni, mwokoaji na mwokolewa, kisha ulirudie jina hilo hata kama sikio linakwaruzika.

Ukishamaliza hapo, pitia maneno haya pia. "Anaweza" ni uwezo au ruhusa? Mimi nimelitenga kwa hiari ya mchezaji tu. Pasipo hiari naandika "lazima". "Dhoruba hudumu hadi saa mbili" inaweza kuwa muda wa saa 2 au asubuhi jua likishapanda, kwa hiyo hesabu kwa zamu. Na "zaidi ya 9" iliwahi kuniharibia mchezo mzima. Kwa dadu mbili za pande sita, 9 au zaidi hupatikana kwa njia 10 kati ya 36. Zaidi ya 9 ni njia 6 tu. Nilikusudia ya kwanza, nikaandika ya pili, na wahusika wakawa wanakufa kila jioni nisijue kwa nini. Andika "9 au zaidi". Usiandike "7 mpaka 9". Andika "7, 8 au 9".

Hatua ya 4: Rudisha hadithi, lakini kwenye majina. Rafiki yangu alikuwa na aya nzima ya mawimbi na giza, na katikati yake amefukia namba. Msimulizi anayetazamwa na watu wanne hana muda wa kuichimbua. Tuliifuta, "nguvu" tukaiita Pumzi, na "alama za hatari" tukaziita Ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo maji yanapojikusanya. Ngama inaanza 0, kila kosa la tanga huongeza 1, ikifika 6 chombo kinazama. Mchezaji akisikia "ngama 4" anauliza mwenyewe nani anafua maji. Sentensi moja au mbili za hadithi juu ya kanuni zinatosha, kwa herufi za mlazo, na namba isiingie humo kamwe:

*Tanga limepasuka. Mtu yuko majini, kamba ni moja.*
Kuokoa. Mwokoaji anarusha dadu 2. Mwokoaji akipata 9 au zaidi, mwokolewa anarudi chomboni. Mwokoaji akipata 8 au chini, mwokoaji anapoteza Pumzi 2 na lazima achague: kuachia kamba, au kuvutwa majini.

Hatua ya 5: Mpe mtu ambaye hujawahi kumsimulia mchezo wako. Kaa kimya. Anaposita, weka alama.

Hatua ya 6: Chapisha. Karatasi ya A5, kanuni moja isivuke ukurasa. Faharasa iwe na maneno atakayoyatafuta mchezaji mwenye haraka: "kuzama" na "kuanguka majini" yawemo, hata kama wewe kanuni umeiita Ngama.