Mzazi anakuja Ufaransa kutembea? Usimwekee buking ya hoteli ambayo hatalala

Ndugu zangu mlioko Ufaransa, hasa wenye wazazi kule Kigoma wanaotaka kuja kuwaona, naomba msome hii kabla hamjamlipa mtu yeyote hela ya buking. Mimi ilinikuta mwaka jana na mama yangu mdogo wa Ujiji, na sauti yake kwenye simu siku ile bado iko masikioni.

Viza ya kutembea, ile ya siku 90 ndani ya 180, inataka mgeni aonyeshe atalala wapi. Akilala hotelini analeta buking. Akilala kwako, unaenda mairie, yani manispaa ya pale unapoishi, wanakupa karatasi inaitwa attestation d'accueil. Mimi nilichelewa. Miadi ya mairie ilikuwa mbali na mama keshakata tiketi ya treni kwenda Dar kutoa alama za vidole, nikaona siku zinaisha, ajenti mmoja akaniambia chukua hoteli ya kufuta bure, weka kwenye faili, viza ikitoka futa, kila mtu anafanya hivyo. Nikafanya. Viza ikatoka. Nikafuta.

Hapo ndo nilipokosea na hapo ndo wengi mtakosea. Viza imebandikwa kwenye pasipoti lakini polisi wa mpakani ana haki ya kuuliza yote upya: unalala wapi, kwa nani, una hela kiasi gani, tiketi ya kurudi iko wapi. Mama akatoa karatasi ya hoteli niliyomtumia, halafu kwa mdomo wake akasema analala kwa mwanae. Wakapiga simu hotelini, wakaambiwa buking imefutwa. Wakamletea mkalimani kwa simu, wakamuuliza, huyo ni mtoto wako wa kumzaa? Akajibu ndiyo. Wakanipigia na mimi nimesimama nje na maua, nikasema ni mdogo wake mama yangu. Basi, kwao tukawa waongo wote wawili.

Jamani, mama mdogo amenilea toka darasa la tatu. Kwetu hakuna anayesema "mtoto wa dada yangu", ukisema hivyo watu watadhani mmegombana. Lakini yule polisi ameshika pasipoti, majina yetu hayafanani hata moja, na hoteli haipo. Mama hakudanganya hata neno moja. Karatasi niliyompa mimi ndo ilidanganya.

Wakampa fomu ya kukataliwa, herufi E imewekewa alama, maana yake hana nyaraka za kuthibitisha sababu na hali ya safari yake. Viza ikafutwa. Akalala siku mbili kwenye eneo la kusubiria linaitwa zone d'attente akarudishwa, na dagaa alizonichagulia mwenyewe Kibirizi zikarudi naye. Mjue pia kwamba mtu akifikia hapo ana haki ya mkalimani, ana haki ya kumjulisha mwenyeji wake au wakili, na ana haki ya kuomba siku moja nzima ipite kabla hajapandishwa ndege. Mwambieni kabla hajasafiri asisaini kitu hajakielewa.

Narudia: usiweke hoteli ambayo hatalala. Na kama kweli atalala hotelini, usiifute mpaka atoke.

Ya mairie yenyewe si magumu. Unaenda mwenyewe na kibali chako cha kuishi, mkataba wa nyumba, bili ya umeme ya karibuni, karatasi za mshahara, stempu ya kulipia ambayo hurudishiwi hela yake hata wakikataa. Wanaweza kutuma mtu aje kuangalia kama nyumba inatosha kupokea mgeni, kwaiyo kama mnaishi watano chumba kimoja fikiria mapema. Wengine wanakupa siku hiyo hiyo, wengine wiki kadhaa, na mwezi ukipita kimya hesabu wamekataa. Kwaiyo anza na mairie. Usianze na tiketi, usianze na miadi ya Dar, anza na mairie! Faili la viza linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, muda upo.

Halafu orijino. Wengi tunapiga picha tunatuma wasap tunaona kazi imeisha. Mpakani wanataka karatasi yenyewe, itume kwa njia ya uhakika, na wakishaiangalia kwenye maombi ya viza mama aidai aondoke nayo. Siku ya safari ikae kwenye pochi pamoja na pasipoti, sio kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, maana begi hilo unalipata baada ya polisi.

Na hela inabadilika kutokana na hiyo karatasi, hili watu hawalijui. Mgeni bila uthibitisho wowote wa malazi anatakiwa aonyeshe euro 120 kwa kila siku, mwenye hoteli 65, mwenye attestation 32.50. Kwa wiki tatu ni 2,520 dhidi ya 682.50. Bima ya matibabu iwe ya kuanzia euro 30,000, hiyo inanunuliwa kirahisi.

Nyumbani mtasema Wazungu wana roho mbaya, mgeni anaulizwaje pa kulala wakati ana ndugu. Na mimi nilisema. Ila sisi watu wa Kigoma tunajua vizuri sana kuulizwa na uhamiaji we ni Mha wa wapi, baba yako kazaliwa wapi, thibitisha. Na zamani ukipokea mgeni ulimripoti kwa balozi wa nyumba kumi. Mairie ni kama balozi, tofauti ni kwamba balozi alimjua bibi yako. Huku hakuna anayekujua. Jirani yangu wa chini ni mzee peke yake, mwanae akija anapiga simu wiki moja kabla, sasa watu wa namna hiyo wataelewaje mama anayekuja na neno "karibu" tu? Sidhani ni roho mbaya, ni watu walioacha kuaminiana kwa mdomo siku nyingi, na inanihuzunisha.

Na nyie wazazi wetu, kwa heshima zote, mtoto akikwambia jifunze anuani usiseme "utanipokea si uko pale". Mimi nakuwa nje ya mlango, ndani unaingia peke yako.

Tumeomba upya. Kufutwa kwa viza kunaonekana kwenye mfumo wa nchi zote za Schengen, yani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwaiyo hatukuficha, tumeandika barua tukaeleza yote na tumeambatanisha cheti changu cha kuzaliwa, cha mama yangu na cha mama mdogo kuonyesha babu ni mmoja. Kila Jumapili nampigia namuuliza unalala wapi, anataja mtaa na namba ya nyumba bila kukosea. Nikimuuliza kwa nani ananyamaza kidogo, halafu anasema taratibu, "kwa mtoto wa dada yangu".