Kubadilisha paa la kitambaa kwenye konvetibo ya zamani: usikimbilie kitambaa, anza na fremu

Wengi wakiona paa la konvetibo, yaani gari lenye paa la kukunja, linavuja, akili yote inaenda kwenye kununua kitambaa kipya. Mi nakwambia tulia kwanza. Kitambaa kinafuata fremu ilivyokaa, so kama fremu imepinda au viungo vyake vimelegea, hata ununue turubai la bei ya ajabu litakunjamana na litavuja palepale lilipokuwa linavuja lile la zamani, halafu lawama utampa aliyelishona bure.

Kwa hiyo kabla hujagusa bisibisi, fungua na ufunge paa la zamani mara kadhaa taratibu huku unaangalia viungo. Kinachocheza hovyo ni bushi (kile kipete cha ndani ya kiungo) imekwisha au ribiti (pini ya chuma inayoshikanisha vipande) imelegea, rekebisha sasa hivi. Pandisha vioo vya milango uone kama vinakutana na mpira wa juu pande zote mbili, na uangalie ile bomba bapa ya mbele inayofungwa juu ya kioo cha mbele kama inakaa sawa kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa juu zaidi hiyo kesi ni ya fremu.

Kuhusu kitambaa chenyewe, kuna aina mbili kubwa. Vainili, ile ya plastiki laini, ni ya bei nafuu, inasafishika kirahisi, na ukiipasha joto inavutika, hiyo inamsaidia sana anayejifunza. Ya pili wanaiita mohea, jina la manyoya ya mbuzi, japo nyingi za siku hizi hazina hata unyoya mmoja wa mbuzi, ni nyuzi za akriliki juu, mpira katikati na kitambaa chepesi chini. Inapendeza na inadumu, ila haivutiki kivile kwa hiyo kipimo kikikosea haikusamehe. Kama ni mara yako ya kwanza mi ningesema chukua vainili, isipokuwa kama gari yako ilitoka kiwandani na mohea na unataka ibaki na asili yake.

Na ujue gari zinatofautiana. Mazda MX-5 ya kwanza, ile iliyotoka 1989, ni kazi ya wikiendi kwa mtu mwenye subira, maana nyuma kitambaa kinabanwa na vipande vya chuma vyenye nati, tena kuna ukanda wa plastiki wa kukusanya maji ambao ukiuchana tu maji yanaingia ndani ya gari. Ila Volkswagen Beetle konvetibo iliyotengenezwa na kampuni ya Karmann kuanzia 1949 hadi 1980 ni habari nyingine kabisa, paa lake ni nene, lina matabaka, lina na godoro lake katikati. Hiyo usijifunzie.

Haya, kuvua. Piga picha kila hatua, hata zile unazoona za kijinga, maana baada ya siku mbili hutakumbuka ribiti ipi ilikuwa wapi. Ribiti unazitoboa kwa drili, pini za stepla unazing'oa na bisibisi bapa na koleo, na waya zinazopita kwenye mikunjo ya pembeni unazifungua kwenye springi zake polepole, zisikuruke usoni. Usichane paa la zamani kwa hasira, litoe zima uliweke pembeni likuonyeshe matundu na mishono ilikuwa wapi. Ila usilitumie kama kipimo cha kukatia, limeshavutika huku na kusinyaa kule miaka yote hiyo.

Sasa sehemu ambayo watu wanaipita haraka halafu wanalia. Yale matao ya chuma yanayopita juu ya vichwa vyenu yameshikwa na mikanda ya kitambaa kutoka mbele mpaka nyuma. Mikanda ndiyo inayosema kila tao likae wapi, na kama ni ya zamani karibu hakika imelegea au imeoza. Kabla hujaikata, funga paa na upime umbali kati ya tao na tao, kushoto, katikati na kulia, andika kwenye karatasi. Ukiweka mikanda mipya irudishe kwenye vipimo hivyo hivyo. Ukiruka hii, mshono wa kitambaa utaangukia nje ya tao na paa litakuwa na nundu kama ngamia.

Fremu ikiwa uchi ndio wakati wa msasa, brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu. Mbao au ule ukanda mgumu unaoshika pini za stepla ukiwa umeoza badilisha, pini haishiki kwenye unga. Zibua na vitundu vya kutolea maji huko nyuma.

Kuvalisha sasa. Weka alama ya katikati kwenye fremu mbele na nyuma, na kwenye kitambaa pia, kwa chaki. Vainili ianike juani kidogo ilegee. Anza nyuma, katikati, halafu elekea pembeni, kushoto kidogo kulia kidogo, usimalize upande mmoja kwanza. Kisha pitisha waya za pembeni. Mwisho ndio mbele: funga fremu na lachi zake (vile vifungio vya mbele), vuta kitambaa mpaka kitulie, piga mstari wa chaki pale kinapopinda kwenye ukingo. Fungua lachi, inua fremu kidogo, vuta kitambaa mbele kama sentimita 1 kupita ule mstari na ukibane na vibanio. Funga tena uone. Kama lachi hazifungi umevuta mno, kama kuna mikunjo ongeza kidogo. Rudia hata mara 4, hakuna anayekukimbiza.

Gundi ya kugusana inapakwa pande zote mbili, unaisubiri mpaka ukiigusa haishiki kidole, ndipo unabandika. Na usikate kipande kilichozidi mpaka paa limefungwa na kutulia usiku mzima! Mi kwenye la kwanza nilikata jioni ileile kwa kiherehere, asubuhi nikakuta kona ya kulia inataka kuvutwa zaidi na hakuna pa kushika. Kile kitambaa nilikinunua mara mbili.

Baada ya hapo liache limefungwa siku kadhaa bila kulikunja, hasa kama dirisha la nyuma ni la plastiki, na plastiki hiyo usiikunje kwenye baridi, inapasuka. Kisha mwagia maji ya mpira bila presha huku mtu amekaa ndani na tochi. Likidondoka tone kwenye kona ya mbele, kaza lachi ya upande huo na uangalie mpira wake kabla hujaanza kubandua chochote.