Besi wa Naivasha: acha chambo kizame chenyewe

Ukienda Naivasha kuvua besi, usihangaike katikati ya ziwa. Samaki huyu, mwenye asili ya Amerika ya Kaskazini, aliyeletwa pale mwaka 1929, huvizia kwenye kivuli cha mafunjo na magugu maji. Alfajiri, tumia mnyoo wa plastiki bila chubwi (kizito cha kuzamisha chambo), ncha ya ndoano ukiificha ndani ya mnyoo isinase majani. Rusha hadi ukingoni mwa mafunjo, kisha tulia: mara nyingi hukidaka chambo kikiwa bado kinazama. Macho yawe kwenye mshipi. Mshipi ukisogea kando hata kidogo, vuta papo hapo. Mimi hupendelea rangi ya kahawia nyekundu, inayofanana na kamba wa mle ziwani, chakula kipenzi cha besi. Na tafadhali, ukiona viboko, ondoka hapo hata kama samaki wanashika kwelikweli.