Hita ya dizeli kwenye kabini ya lori: ninavyoifunga hapa Kizota, Dodoma

Mwezi wa tano ukiisha, simu yangu huanza kuita usiku. "Fundi, niko Mafinga, meno yanagongana." Dodoma yenyewe kipupwe kina upepo wake wa kuchoma masikio, lakini anayetoka hapa kwa njia ya Mtera, akapanda Iringa, akalala Mafinga au Makambako akisubiri kwenda Njombe kupakia viazi na mbao, huyo ndiye anayeijua baridi. Wengi wao wamenizoea kwa sababu ya taa na stata. Siku hizi wananiletea boksi la hita walilonunua wenyewe, wakidhani kazi ni kutoboa tundu mbili na kuunga waya.

Kabla ya hita walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuacha injini ikinguruma mpaka asubuhi. Injini kubwa ya lori iliyosimama hula lita mbili mpaka tatu kwa saa, kwa hiyo usiku mmoja tu unaweza kumaliza lita 20 za tajiri. Ya pili ni jiko la mkaa ndani ya kabini, vioo vimefungwa. Hapo sina utani. Nimewahi kusaidia kumshusha utingo ambaye alikuwa anasikia tunavyomwita ila hawezi kuinua hata mkono. Alipona, ila alikaa siku kadhaa akishika kichwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala haikoholeshi. Unahisi usingizi mtamu tu.

Hita ya dizeli ni jiko pia, tofauti ni kwamba moto wake umefungiwa. Ndani kuna hewa mbili. Hewa ya kulisha moto inavutwa kutoka chini ya gari, inaungua pamoja na dizeli, kisha inarudi nje kwa ekzosi yake ndogo. Hewa ya kabini inapita pembeni, juu ya mapezi ya alumini yaliyopashwa joto na ule moto, halafu feni inaisukuma kwako ikiwa safi. Hewa hizi mbili hazitakiwi kukutana. Ukilielewa hilo, kila ninachokueleza hapa chini utaona kimetoka wapi.

Tuanze na ukubwa. Kwa kabini ya kulala ya Scania au Howo, chukua kilowati 2. Najua dukani watakuonyesha ya 5 na ya 8 kwa bei inayokaribiana na hiyo, na mkono utakuwasha. Kwanza, nimefungua zilizoandikwa 8 nikakuta mwili uleule wa 5. Pili, hita kubwa kwenye chumba kidogo inapasha haraka, kisha inashuka kwenye moto wa chini kabisa na kukaa hapo usiku mzima. Moto wa chini unaungua vibaya, unaacha masizi kwenye chumba cha moto na kwenye ekzosi, na baada ya miezi michache hita inatoa moshi mweupe na kugoma kuwaka. Ndogo inafanya kazi kwa nguvu yake, inabaki safi. Halafu inakula kidogo: kama lita 0.1 kwa saa ikiwa chini, na robo lita ikiwa juu kabisa. Linganisha na zile lita 20.

Volti iwe 24, kama lori lako. Kuna dereva aliletewa ya volti 12 kwa bei ya chee, fundi mmoja akamuungia kwenye betri moja kati ya zile mbili. Hita iliwaka vizuri. Betri hiyo moja ikawa inanyonywa kila usiku huku mwenzake imejaa, alternata inazichaji zote kama pacha, na haikuchukua muda zote mbili zikafa. Akanunua betri mbili mpya na hita nyingine juu yake. Chee ikawa ghali.

Za Kijerumani, Webasto na Eberspächer, ni bora, na bei yake inazidi za Kichina mara kadhaa. Wenye mashua za tanga huko Ulaya hulala baharini wakati wa baridi kwa hita za aina hiihii, na mpangilio ni huuhuu. Mimi nafunga za Kichina zaidi kwa sababu ndizo mfuko wa dereva unazoweza. Lakini nikipewa boksi nalifungua mbele ya mwenyewe na kubadilisha vitu vitatu: mpira wa mafuta wa kijani laini, zile klampu nyepesi, na kichujio cha plastiki ambacho huwa kinanyonya hewa kwenye maungio.

Na kuna suala la mwinuko, ambalo wauzaji hawalitaji. Dodoma tupo kama mita 1,100 juu ya bahari. Mafinga na Njombe ni karibu 1,900. Kule hewa ni nyepesi, lakini pampu inapiga kiasi kilekile cha dizeli, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa na masizi yanaanza. Za Kijerumani za siku hizi nyingine zina kihisio kinachorekebisha zenyewe. Nyingi za Kichina zinakuruhusu kuingia kwenye mipangilio ya skrini na kupunguza mapigo ya pampu au kuongeza kasi ya feni. Kwa mteja wa Njombe napunguza mapigo kidogo hapahapa kabla hajaondoka. Anayekwenda Morogoro na kurudi hiyo haimhusu, na sijui hita anaitakia nini.

Sasa kazi yenyewe. Mahali pazuri ni sakafuni, ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda, upande wa utingo, palipo na sakafu ya chuma na nafasi tupu chini yake. Kabla ya kutoboa, lala chini ya gari uangalie kuna nini. Tundu za ekzosi, kuvuta hewa na mafuta zinapita kwenye sakafu, na hita inakaa juu ya gasketi yake, imebanwa kwa nati nne. Gasketi hiyo ndiyo mlango kati ya zile hewa mbili. Sakafu ikiwa na mikunjo, weka bamba la chuma lililonyooka kwanza. Usizibe pengo kwa silikoni ukajipa moyo. Na maungio ya ekzosi yote yawe nje, chini ya sakafu. Ndani ya kabini pasiwe na hata moja.

Ekzosi inachoma. Ipeleke mbali na mipira ya breki za upepo, nyaya na tenki, na uifunge kwa klampu za chuma kwenye chesisi. Iteremke kuelekea mwisho wake. Ikilazimika kuwa na tumbo mahali, toboa tundu dogo hapo ili maji ya mvuke yatoke. Mdomo wake utazame chini au nyuma, upande ambao hakuna dirisha wala tundu la hewa la kabini. Bomba la kuvuta hewa liende upande mwingine kabisa, lisije likanywa moshi wake lenyewe. Kwa vumbi letu la huku, mdomo huo nauficha nyuma ya boriti ya chesisi, mbali na tairi la mbele. Niliwahi kufungua hita iliyofungwa karibu na tairi, nikatoa udongo mwekundu wa kutosha kupanda mche wa mzabibu.

Mafuta ndiyo yanayowasumbua mafundi wengi. Usikate bomba la injini. Toboa bamba la geji ya tenki, weka mrija wa hita peke yake, na ncha yake iishie vidole vinne juu ya sakafu ya tenki. Chini kabisa kuna maji na uchafu, na tunajua wenyewe mafuta ya kuchakachua yalivyo; tena hita haitakukaushia tenki ukashindwa kuondoka asubuhi. Tumia mpira mgumu mweupe wenye tundu la milimita 2. Ukiwa mpana, mapovu yanakaa ndani na moto unakatikakatika. Pampu ifungwe karibu na tenki, kwenye kishikio chake cha mpira, mdomo wa kutolea mafuta ukiangalia juu ili mapovu yapite. Italia tik-tik usiku kucha. Ukiifunga kwenye chuma kitupu, utingo atakulaani.

Hapa nilikosea mwenyewe, kwenye kazi yangu ya pili. Nilivuta mpira wa mafuta ukanyooka kama kamba ya gitaa, ukapendeza. Wiki iliyofuata gari likapelekwa gereji, wakainua kabini kuangalia injini, mpira ukang'oka na nyaya za pampu zikafuata. Kabini ya lori inainuka kwenda mbele! Tangu siku hiyo, karibu na bawaba naacha kitanzi cha kutosha, kisha kabla ya kulipwa nainua kabini mpaka mwisho na kuishusha mara mbili mbele ya mwenye gari.

Umeme uchukue moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri, waya wa milimita za mraba 2.5 au zaidi. Usipitishe kwenye swichi kuu. Ukizima hita, feni inaendelea dakika kadhaa kupooza chumba cha moto, na dereva aliyezoea kukata swichi kuu anapoamka ataua hita hiyo kwa mkono wake. Mwanzoni hita plagi, yaani kile kijiti cha umeme kinachowasha moto, inavuta ampea nyingi kwa dakika mbili tatu, baada ya hapo hita inakula takribani ampea moja tu.

Kuwasha mara ya kwanza, jaza mafuta kwa kuiamrisha pampu kwenye skrini mpaka uone dizeli imefika karibu na hita, kisha acha. Ukizidisha, chumba kinalowa na utapata wingu jeupe. Moshi kidogo mwanzoni ni kawaida. Baada ya dakika tano mdomo wa ekzosi uwe hauonyeshi kitu. Harufu ya moshi ikisikika ndani, hata kidogo, zima, mteja asilale humo. Na simkabidhi mtu gari bila king'ora cha kaboni monoksidi karibu na mto wake. Wakilalamikia bei namkumbuka yule utingo.

Ukijaza mafuta kituoni, hita iwe imezimwa. Malori ya kubeba mafuta sifungi, hata ukiniongeza.

Kuna sharti moja ambalo madereva hulicheka: washa hita mara moja kwa mwezi hata wakati wa joto, nguvu ya juu kabisa, dakika 20, ili masizi yaungue na mafuta yasigande kwenye pampu. Novemba iliyopita mteja wangu mmoja aliegesha hapa mlangoni saa nane mchana, jua la Dodoma likiwa utosini, akaiwasha, akafungua milango yote miwili, akaja kukaa na mimi chini ya mbuyu akinywa maji. Wapita njia walidhani gari linaungua.